Macho Hayana Pazia: Historia ya Miwani ya Jua na Mabadiliko ya Mitindo Yake

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Methali hii hutumiwa kumtetea mtu aliyekiona kile ambacho hakutakiwa kukiona, kwa hoja kwamba jicho halina cha kulizuia na huona lolote lililo mbele yake. Hata hivyo, binadamu amelitafutia jicho lake pazia tangu kale. Pazia hilo ndilo miwani ya jua. Makala haya yanakusudia kueleza chimbuko la miwani hiyo, namna mitindo yake ilivyobadilika, na jinsi inavyovaliwa na kufasiriwa katika mazingira tunayoyafahamu, hususan soko la Kiminini katika Kaunti ya Trans Nzoia.

Naomba radhi kwa kuanza na kisa changu mwenyewe. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya upili isiyo mbali na Kiminini, nilipangiwa somo la nahau. Nilipofika kwenye nahau 'kuvaa miwani', nilieleza kwamba maana yake ni kulewa. Nilipoinua uso nilimwona mvulana mmoja wa dawati la nyuma akiwa na miwani nyeusi machoni. Bila kufikiri nikamwuliza, "Na wewe, mbona umevaa miwani asubuhi yote hii?" Darasa zima liliangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao. Mvulana aliivua miwani, akaitia mfukoni, na kwa dakika zote zilizosalia aliinamisha kichwa akipangusa machozi kwa mkono wa sweta. Nilidhani analizwa na aibu. Wakati wa mapumziko mwalimu wake wa darasa alinieleza kwamba kijana huyo ana mzio sugu wa macho, hastahimili mwanga, na kwamba miwani ile aliagizwa na daktari aivae. Nilimwomba radhi faraghani, lakini kicheko kilikuwa cha hadharani. Hadi nilipomaliza mazoezi yangu sikumwona tena akiivaa.

Kisa hiki kinaibua suala la kisemiotiki. Ferdinand de Saussure alitufundisha kwamba ishara ina pande mbili, yaani kiashiria na kiashiriwa, na kwamba uhusiano wa pande hizo ni wa makubaliano ya jamii. Naye Mfaransa Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu mfumo wa mitindo ya mavazi, alionyesha kwamba vazi husomwa kama lugha inavyosomwa. Swali la makala haya basi ni hili: miwani ya jua inapoonekana usoni pa mtu, sisi tunasoma nini, na je, tunachokisoma ndicho alichokiandika mvaaji?

Chimbuko: Kinga Kabla ya Pambo

Yafaa ieleweke mapema kwamba chombo cha kwanza cha kulikinga jicho na mwanga hakikuwa na kioo wala hakikuwa cheusi. Wainuiti, wenyeji wa nchi za theluji za kaskazini kabisa mwa dunia, kwa karne nyingi walichonga vifuniko vya macho kutokana na mbao, mifupa na pembe za wanyama wa baharini. Kifuniko kiliachiwa mwanya mwembamba tu wa kuchungulia. Theluji huakisi mwanga wa jua kiasi cha kuliunguza jicho, na mwindaji asiyejikinga huweza kupoteza uwezo wa kuona kwa siku kadhaa. Hapa hapakuwa na suala la urembo. Asiyevaa hakuwinda, na asiyewinda hakula.

Huko Roma, mwandishi wa karne ya kwanza, Pliny Mzee, alieleza kwamba Kaisari Nero alitazama mapigano ya uwanjani kwa kutumia zumaridi, na wataalamu wamebishana tangu hapo iwapo jiwe hilo lilimkinga na mwanga au lilikuwa pambo tu la kifalme. Kuhusu China, historia nyingi za miwani husimulia kwamba mahakimu wa kale waliweka mbele ya macho yao vipande vya kwatzi ya rangi ya moshi ili washtakiwa na mashahidi wasiweze kusoma nyuso zao. Msomaji atatambua kwamba katika simulizi hizi mbili tayari mna dhima nyingine zilizoandamana na miwani hadi leo, yaani fahari na siri.

Miwani ya kusomea ilivumbuliwa nchini Italia mwishoni mwa karne ya 13. Ilichukua muda mrefu kabla ya vioo vyake kutiwa rangi. Mnamo 1752, fundi wa miwani wa London aliyeitwa James Ayscough alitangaza miwani yenye vioo vya kijani na buluu. Hakukusudia kuzuia jua. Aliamini kwamba kioo cheupe huliumiza jicho kwa mng'ao wake na kwamba rangi huliburudisha.

Hatua iliyoleta sayansi katika jambo hili ilianzia kwa wafanyakazi. Mafundi wa viwanda vya kioo nchini Uingereza, waliokuwa wakichungulia tanuri kutwa nzima, walikuwa wakipatwa na ugonjwa wa mtoto wa jicho wakiwa bado na umri wa kufanya kazi. Mwanakemia William Crookes alitafiti aina nyingi za kioo ili apate kile ambacho kingezuia miale yenye madhara na bado kikaruhusu mtu kuona kazi yake. Kufikia mwaka 1913 alikuwa amepata vioo vyenye madini ya seri, vilivyoweza kuzuia miale ya urujuanimno, yaani ile miale ya jua na ya moto mkali ambayo jicho haliioni lakini huumizwa nayo. Kwa hiyo, kioo cha kukinga macho kilitafitiwa kwa ajili ya mtu wa tanuri, jasho likimtiririka, kabla hakijawa pambo la mtu wa ufuoni.

Kutoka Studio za Filamu hadi Sokoni

Katika miaka ya mwanzo ya sinema nchini Marekani, studio ziliangazwa kwa taa za arki, ambamo umeme huruka kati ya vipande viwili vya kaboni na kutoa mwanga mkali sana. Taa hizo zilitoa pia miale ya urujuanimno. Waigizaji walitoka studioni wakiwa na macho mekundu yaliyovimba na kutiririka machozi, na kufikia miaka ya 1920 ugonjwa huo ulikuwa na jina lake miongoni mwa madaktari na wenye sinema. Hii ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za waigizaji kuanza kuvaa miwani nyeusi nje ya studio. Sababu nyingine ni kutaka kuwakwepa mashabiki. Mashabiki nao hawakuona maradhi. Waliona nyota wa filamu amevaa kitu cheusi, nao wakakitaka.

Mfanyabiashara Sam Foster aliiona fursa hiyo. Mwaka 1929 alianza kuuza miwani ya bei nafuu yenye fremu za seluloidi katika mji wa pwani wa Atlantic City. Katika kipindi hicho hicho Edwin Land alivumbua utando wa kuchuja mwanga unaoakisiwa na maji au barabara, uvumbuzi ambao baadaye uliingizwa katika miwani. Mwaka 1937 kampuni ya Bausch & Lomb ilianza kuuza kwa jina la Ray-Ban miwani iliyokusudiwa marubani, yenye vioo vipana vya umbo la tone la machozi. Vita Vikuu vya Pili viliitangaza miwani hiyo kuliko tangazo lolote la biashara. Picha za Jenerali Douglas MacArthur akitembea majini kuelekea ufuoni nchini Ufilipino mwaka 1944, miwani nyeusi usoni, zilienea kote duniani.

Baada ya vita, mitindo ilifuatana kama mawimbi. Mwaka 1952 ilibuniwa miwani ya Wayfarer yenye fremu nene ya plastiki. Mwaka 1961 Audrey Hepburn alivaa miwani kubwa nyeusi katika filamu, na wanawake wengi wakamwiga. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana walipenda vioo vidogo vya duara kama vya mwanamuziki John Lennon, na katika miaka ya 1970 fremu zikapanuka zikafunika nusu ya uso. Miaka ya 1980 iliirudisha Wayfarer, kisha filamu ya Top Gun ya mwaka 1986 ikairudisha miwani ya marubani. Filamu ya The Matrix ya mwaka 1999 ilileta vioo vyembamba visivyo na mapambo. Katika karne hii ya 21 ukubwa umerudi tena, na wepesi nao baada yake. Kwa ufupi, mitindo ya miwani haiendi mbele kama mshale. Huzunguka kama gurudumu.

Miwani ya Jua Barani Afrika

Barani Afrika miwani ya jua ilipata makao yake ya awali katika studio za picha. Picha za Malick Sidibé, mpigapicha wa Bamako nchini Mali, zinawaonyesha vijana wa miaka ya 1960 na 1970 wakiwa na suruali pana na miwani nyeusi, wakijitangaza kuwa watu wa zama mpya za uhuru. Nchini Kongo, Papa Wemba, aliyeaga dunia mwaka 2016, aliutangaza utamaduni wa Sape, ambao wafuasi wake huyachukulia mavazi kuwa sanaa na nidhamu, na miwani ni sehemu ya pambo hilo. Muziki wa Kongo ulikuwa ukisikika kila pembe ya Kenya, na mitindo ya wanamuziki ilifuata nyayo za nyimbo zao.

Kwa upande mwingine, miwani nyeusi ilikuwa alama ya kutisha. Wanamgambo wa Tonton Macoute nchini Haiti, walioundwa chini ya utawala wa François Duvalier ulioanza mwaka 1957, walijulikana kwa miwani yao. Muammar Gaddafi wa Libya naye aliivaa hadi ikawa sehemu ya sura yake. Anayekutazama ilhali huwezi kuyaona macho yake amekunyang'anya kitu. Anakusoma na humsomi. Yamkini ndiyo sababu jamii nyingi humshuku aliyevaa miwani hata kama hana mamlaka yoyote.

Mfano wa karibu nasi zaidi ni wa msanii Cyrus Kabiru wa Nairobi, aliyezaliwa mwaka 1984. Kabiru huokota vyuma chakavu, nyaya, vizibo na vijiko, akaunda kwavyo miwani ya kisanaa ambayo imeonyeshwa katika nchi mbalimbali. Amesimulia hadharani kwamba utotoni alitamani miwani, na baba yake akamwambia ajitengenezee. Nyingi ya kazi zake hazina kioo kabisa. Zinalivika jicho bila kulificha, na kwa namna hiyo zinatuuliza miwani ni nini hasa.

Kiminini: Nani Huvaa, na kwa Nini?

Kiminini ni soko lililo kando ya barabara itokayo Kitale kuelekea Webuye na Bungoma, katikati ya mashamba ya mahindi. Ukishuka pale kituoni utawakuta wachuuzi waliopanga miwani kwenye ubao wa kadibodi: ya marubani, ya duara, ya vioo vya samawati vinavyong'aa kama kioo cha kujitazamia. Gurudumu la mitindo tulilolieleza hapo juu limesimama lote kwenye ubao mmoja, miaka ya 1950 ikipakana na ya 1990.

Wanunuzi si wapenda mitindo pekee. Yupo mwendeshaji wa bodaboda, ambaye bila miwani hupigwa na vumbi na wadudu. Yupo mkulima anayepalilia tangu alfajiri hadi adhuhuri. Yupo mzee aliyetoka kupasuliwa mtoto wa jicho. Wapo watu wenye ualbino, ambao macho yao yana upungufu wa melanini, yaani rangi asilia inayopunguza mwanga uingiao, kwa hiyo mchana wa kawaida kwao ni mng'ao wa kuumiza. Sensa ya mwaka 2019, iliyowahesabu watu hao kwa mara ya kwanza nchini Kenya, iliwapata 9,729.

Zaidi ya hao yupo fundi wa kuchomelea vyuma. Jina la jua kali lilitokana na mafundi waliofanya kazi pasipo na kivuli. Rais Daniel arap Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi mwaka 1985, jambo walilolihitaji waziwazi lilikuwa paa, na serikali ikaanza mpango wa kuwajengea vibanda. Paa humkinga fundi na jua la angani. Halimkingi na jua dogo lililo mkononi mwake. Mwako wa kuchomelea ni arki ile ile ya umeme iliyowaunguza macho waigizaji wa miaka ya 1920, na mafundi wengi wa barabarani huukabili kwa miwani ya jua iliyonunuliwa pale kituoni. Fundi hahisi kitu akiwa kazini. Saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, huamka akihisi kana kwamba macho yamejaa mchanga. Tabaka la nje la jicho limeungua. Nyota wa filamu alivaa miwani nyeusi baada ya kuunguzwa, na fundi wetu huivaa akidhani itamzuia kuungua. Kinachomfaa ni kinyago cha kuchomelea chenye kioo maalumu, kilicho kizito mara nyingi zaidi ya miwani yoyote ya jua.

Giza Si Kinga

Hapa ndipo penye kosa la kawaida ambalo historia ya mitindo imetuachia. Tumezoea kudhani kwamba kioo kikiwa cheusi zaidi kinakinga zaidi. Sivyo. Weusi wa kioo hupunguza mwanga unaoonekana, ilhali madhara mengi hutokana na miale ya urujuanimno isiyoonekana. Kioo kisicho na rangi yoyote kinaweza kuizuia miale hiyo yote, na kioo cheusi tititi cha plastiki duni kinaweza kuipitisha. Jambo la hatari zaidi ni kwamba jicho lililo gizani hupanua mboni yake. Kwa hiyo, miwani nyeusi isiyo na kichujio inaweza kulifungulia jicho mlango, kisha ikaikaribisha ile miale iliyopaswa kuifukuza.

Suala hili lina uzito wa pekee katika nyanda zetu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, nguvu ya miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na takriban digrii moja tu kutoka ikweta. Ubaridi wa asubuhi za Trans Nzoia hutudanganya tuone kwamba jua letu ni pole kuliko la Mombasa, ilhali hali nyingine zikiwa sawa, miale yetu ndiyo mikali zaidi. Miale hiyo ikilipiga jicho kwa miaka mingi huchangia mtoto wa jicho, na pia kile kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho na kutambaa kuelekea mboni.

Mnunuzi hana budi kutafuta alama ya UV400, inayomaanisha kwamba kioo huzuia miale yote hadi urefu wa wimbi wa nanomita 400. Kwa kuwa alama yenyewe huweza kubandikwa na yeyote, ni vyema miwani ipimwe kwa mtaalamu wa macho mwenye kifaa. Bei nayo si ushahidi, kwani mara nyingi mtu hulipia jina lililo pembeni mwa fremu. Mwendeshaji wa bodaboda naye akumbuke kwamba vioo vyeusi kabisa, vya daraja la nne katika viwango vya kimataifa, havifai kuendeshea chombo hata mchana, na kwamba usiku hakuna kioo cheusi kinachofaa.

Lugha Yetu na Miwani

Kama wanafunzi wa Kiswahili, hatuwezi kuumaliza mjadala huu bila kuitazama lugha yenyewe. Kiswahili kina majina mawili ya chombo hiki. Tukisema 'miwani nyeusi' tunataja rangi, na tukisema 'miwani ya jua' tunataja kazi. Jina la kwanza ndilo linalosikika zaidi sokoni, na ndilo linalouza dhana kwamba weusi ndio ubora. Ajabu ni kwamba jina la Kiingereza wanalolipenda vijana wengi wa Kenya kwa miwani ya urembo ni lile la miwani ya kazi, yaani ile ya kukinga vumbi na cheche. Urembo umeazima jina la karakana, na karakana imeachiwa urembo.

Aidha, ipo ile nahau niliyoitaja mwanzoni. 'Kuvaa miwani' kwa maana ya kulewa ni usemi wenye ucheshi na picha nzuri: mlevi huuona ulimwengu kupitia ukungu. Sipendekezi ifutwe katika vitabu vyetu. Ninachopendekeza ni kwamba mwalimu anapoifundisha atenganishe maana ya usemi na mtu aliye mbele yake. Nahau ni mali ya jamii nzima, lakini ikitupwa usoni pa mtu mmoja huwa hukumu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba miwani ya jua ilianza kama kinga ya mwindaji na ya mfanyakazi, ikapita mikononi mwa waigizaji, wanajeshi, wanamuziki na watawala, na kila mmoja akaiachia maana yake: fahari, ujasiri, siri, vitisho. Maana hizo zimekuwa nyingi kiasi kwamba ile ya kwanza imefunikwa. Matokeo yake ni makosa mawili yanayofanana. Mnunuzi huamini weusi wa kioo bila kuuliza kinazuia nini, na mtazamaji huamini weusi huo huo bila kuuliza unaficha nini. Wote wawili wameishia kwenye rangi.

Macho hayana pazia, walisema wahenga. Yako ambayo yanalihitaji. Yule mvulana alikuwa amevaa lake kwa amri ya daktari, nami nikalivua kwa mzaha wa dakika moja, katika somo la lugha ambayo naipenda. Iwapo mmoja wetu atakayekwenda mazoezini mwaka huu atamkuta mwanafunzi wa namna hiyo katika dawati la nyuma, na aendelee na somo lake, kisha amwulize baadaye, wakiwa wawili, kama anaona vizuri ubaoni.